Bia ya Watawa na Pombe ya Singida: Uchunguzi katika Historia ya Maneno

Kiswahili kina maneno mawili kwa kinywaji kimoja. Nafaka ikiloweshwa, ikaoteshwa, ikaanikwa, ikasagwa, ikapikwa, kisha ikaachwa ichachuke, kinachopatikana huitwa bia kikitoka kiwandani ndani ya chupa, na huitwa pombe kikitoka katika chungu cha mama wa kijijini. Siku hizi jina hili la pili huongezewa aghalabu maneno ya kulishusha zaidi, yaani "ya kienyeji". Tena pombe limekuwa jina la jumla la vileo vyote, hasa vinaposemwa kwa lawama. Mtu huagiza bia, lakini akiharibikiwa husemwa kwamba pombe imemharibu.

Makala haya yanakusudia kuuliza tofauti hiyo ilitoka wapi. Ili kujibu, nimechukua vinywaji viwili vilivyo mbali sana kwa mahali na kwa sifa, nikaviweka pamoja. Cha kwanza ni bia itengenezwayo na watawa wa Westvleteren huko Ubelgiji, ambayo wanywaji wengi wameihesabu kuwa adimu na bora kuliko zote duniani. Cha pili ni pombe ya nafaka ya mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, ambayo hakuna aliyepata kuiandikia sifa. Nia yangu si kusifu ulevi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba vitu hivi viwili ni ndugu kwa ufundi na kwa desturi, na kwamba kilichovitenga ni historia, ambayo imeacha alama zake ndani ya kamusi zetu.

Watawa na kazi ya mikono

Neno mtawa latokana na kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani, kujitenga na mambo ya nje. Jina hili lawafaa vizuri watu tutakaowaeleza, ingawa Wakatoliki wa Tanzania husema pia wamonaki, na makao yao huyaita abasia.

Watawa wa Magharibi hufuata kanuni iliyoandikwa na Benedikto wa Nursia katika karne ya 6. Mambo matatu katika kanuni hiyo yatuhusu hapa. Sura ya 40 yaweka kipimo cha kinywaji: mtawa aruhusiwa divai kidogo kwa siku, na anayeweza kujinyima asifiwa. Sura ya 48 yamtaka mtawa aishi kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Sura ya 57 yaagiza kwamba kitu kinachotengenezwa na watawa kikiuzwa, kiuzwe kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya watu wa nje, ili choyo kisipate mlango wa kuingilia. Kanuni iliandikwa Italia, nchi ya mizabibu. Ilipofika kaskazini ambako zabibu hazistawi vizuri, watawa walichukua nafaka ya mahali, yaani shayiri, wakatengeneza bia. Mchoro mashuhuri wa abasia uliohifadhiwa St. Gallen huko Uswisi, uliochorwa mnamo mwaka 820 au baada yake kidogo, unaonyesha nyumba tatu za kutengenezea bia: ya watawa wenyewe, ya wageni wa heshima, na ya mahujaji na maskini. Twaona basi kwamba tangu zamani bia ya watawa ilikuwa na mafungu yake, na fungu la maskini lilikuwa mojawapo.

Mwaka 1664 Armand-Jean de Rancé alianza kurudisha ukali wa kanuni katika abasia ya La Trappe, katika Normandie ya Ufaransa. Waliomfuata wakaitwa Watrapisti. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwafukuza, wengine wakafika nchi za Ubelgiji na Uholanzi. Abasia ya Westmalle ilianzishwa mwaka 1794, na bia yake ya kwanza ilinywewa mwaka 1836. Westvleteren ilianzishwa mwaka 1831, ikapata kiwanda chake miaka michache baadaye. Scourmont, inayotengeneza bia iitwayo Chimay, ilianzishwa mwaka 1850 ikaanza kutengeneza bia mwaka 1862. Koningshoeven, karibu na mji wa Tilburg huko Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1881 na kiwanda chake mwaka 1884.

Habari ya Westvleteren ndiyo yenye mafunzo zaidi. Watawa wake hutengeneza hektolita 6,000 hivi kwa mwaka, na wamekataa kuongeza ingawa wangeweza kuuza mara nyingi zaidi ya hapo. Wao hueleza kwamba hutengeneza bia ili waishi utawa, wala hawaishi utawa ili watengeneze bia. Kwa miaka mingi chupa zao hazikuwa na karatasi ya jina. Habari zote ziliandikwa juu ya kizibo. Bia ilichukuliwa langoni mwa abasia kwa ahadi iliyofanywa kwa simu, na tangu mwaka 2019 ahadi hiyo hufanywa kwa mtandao. Mnunuzi hupewa kiasi kidogo, akaombwa asiiuze tena. Mwaka 2005 tovuti moja ya wapenda bia ilipoitangaza kuwa bora duniani, magari yalipanga foleni ndefu katika njia za mashambani, lakini watawa hawakupandisha bei wala kuongeza mapipa. Katika miaka ya 2011 na 2012 walikubali kuiuza madukani na nchi za nje, kwa sababu walihitaji fedha za kujenga upya abasia yao. Jengo lilipopata fedha, mauzo hayo yakakoma.

Neno lililolindwa

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuangaliwa sana ni historia ya neno lenyewe Trappist. Watengenezaji wengine walipoona kwamba jina hili huuza, walianza kuliandika juu ya chupa zao bila kuwa na mtawa hata mmoja. Watawa wakaenda mahakamani. Mwaka 1962 mahakama ya biashara ya Ghent iliamua kwamba neno hilo si jina la aina ya bia tu. Ni jina linaloonyesha asili, na asiyekuwa mtawa wa shirika hilo hana haki ya kulitumia. Mwaka 1997 abasia kadhaa ziliunda umoja wao, zikaweka alama ya pamoja yenye masharti matatu: bia itengenezwe ndani ya eneo la abasia, itengenezwe na watawa au chini ya uangalizi wao, na faida ikitoka, itumike kwa maisha ya watawa na kwa kazi za huruma.

Masharti haya ni makali hata jina laweza kupotea ingawa bia imebaki ile ile. Abasia ya Achel huko Ubelgiji ilipoteza haki ya alama hiyo mwaka 2021, watawa wa mwisho walipoondoka. Mapipa yalibaki, shayiri ilibaki, na mafundi walibaki. Lakini watawa hawakuwapo, basi na jina likaondoka. Hapa neno limefungwa kwenye desturi, na desturi ikifa neno haliruhusiwi kuzurura peke yake. Tulikumbuke jambo hili tutakapofika Singida.

Watawa walipofika kwetu

Msomaji aweza kudhani kwamba habari za Watrapisti ziko mbali na nchi za Kiswahili. Sivyo. Mwaka 1897 Watrapisti kutoka Mariannhill, Natal, walianzisha misheni ya Gare katika milima ya Usambara. Mwaka 1954 abasia ya Scourmont ilianzisha abasia ya Mokoto katika Kivu ya Kaskazini, Kongo. Watawa wake walikimbia mauaji ya mwaka 1996. Mwaka 1956 abasia ya Koningshoeven ilituma watawa Lumbwa, karibu na Kipkelion, Kenya. Hao nao walihama mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, wakaenda Uganda. Basi abasia mbili zenye bia mashuhuri zilizaa abasia kwetu. Wabenediktini nao walifika Pugu mwaka 1888, wakajenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906.

Watawa hawa walijulikana kwetu kwa mashamba, karakana, shule, hospitali na mitambo ya kuchapa vitabu. Sifa ya bia waliiacha kwao. Katika Tanzania ya kati, kinywaji kilichopandwa na wamisionari kikashika mizizi ni divai. Mapadre wa Kiitalia walianzisha kilimo cha mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, mwaka 1957, nia ya kwanza ikiwa divai ya misa. Mizabibu hiyo ikatoka mikononi mwa misheni, ikawa zao la wakulima wa Dodoma, jirani za Singida. Mambo haya yana maana kwa uchunguzi wetu: wamisionari walikuta nchi yenye kinywaji chake cha nafaka, kilicho karibu zaidi na bia ya abasia kuliko divai yoyote, lakini undugu huo haukutamkwa.

Kuionja bia ya watawa

Nilipokuwa nikisoma Ulaya nilipata nafasi ya kufika Westvleteren, nikaionja bia hiyo katika nyumba ya vinywaji iliyo ng'ambo ya abasia. Niliyoionja ni ile iitwayo 12, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1940, yenye alkoholi ya asilimia 10.2. Rangi yake ni kahawia iliyokoza, na povu lake halikatiki upesi. Ndani yake mna ladha ya zabibu kavu, ya sukari iliyoungua na ya ukoko wa mkate. Mwishoni huja uchungu mdogo wa maua ya hopsi, kisha joto kifuani. Haifai kunywewa kwa haraka.

Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nilijaribu kuandika ladha hiyo kwa Kiswahili katika daftari langu. Maneno niliyozoea kuyasikia kuhusu bia hayakunisaidia, maana katika mabaa yetu bia huelezwa kwa ubaridi wake tu: ya moto au baridi. Maneno yaliyonisaidia yote yalitoka upande wa pombe: kuiva, kuchacha, kukolea, ukali, ugwadu, ukakasi, chachu, machicha. Nikatambua kwamba lugha yetu ina msamiati tele wa kuonja kinywaji cha nafaka, na kwamba msamiati huo umehifadhiwa na watu tusiowauliza, yaani wapishi wa pombe.

Baadaye, nilipokuwa nikikusanya maneno katika vijiji vya Iramba, nilikaa siku kadhaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa akipika pombe kwa ajili ya watu waliomsaidia kuvuna. Nilimwomba anionyeshe kazi tangu mwanzo. Alicheka akasema, "Mwanangu, umesoma mpaka Ulaya ukarudi kuuliza kimea?" Lakini alinionyesha.

Kazi ya pombe Singida

Mkoa wa Singida ni nchi kavu. Mvua zake ni chache na hazina uhakika, na kwa sababu hiyo wakulima wake, Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu, na Wagogo wa upande wa Manyoni, wametegemea tangu zamani mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua. Pombe imetoka katika nafaka hizo hizo zinazotoa ugali, basi kiasi cha pombe kimekuwa kikifuata kiasi cha mavuno.

Kwanza mtama huloweshwa siku moja au zaidi. Kisha huopolewa, ukafunikwa mahali penye joto na kunyunyiziwa maji hata uchipue. Machipukizi yakitosha, huanikwa juani yakauke. Hicho ndicho kimea. Kimea husagwa. Unga mwingine usiooteshwa hupikwa uji, uji ukaachwa upoe na kushika ugwadu, kisha hutiwa kimea na kupikwa tena. Ukiwa bado mtamu, kabla ya kuchachuka, ni togwa, na hata watoto hunywa. Ukiongezwa kimea na kulazwa, hupanda povu na kuwa pombe. Hatimaye huchujwa, machicha yakatupiwa kuku au nguruwe. Mpishi huonja kwanza mbele ya wageni wake.

Mtawa wa Westvleteren angeielewa kazi hii bila mkalimani. Shayiri yake nayo huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa; maji ya moto huitoa sukari iliyofunguliwa na kule kuota; kisha chachu huigeuza sukari kuwa alkoholi. Tofauti zipo, wala si ndogo. Mtawa hutia hopsi, ambayo huipa bia uchungu na kuilinda isiharibike, basi bia yake yaweza kuwekwa miaka. Pombe ya mtama haina mlinzi huyo. Huendelea kuchacha, na baada ya siku chache huwa kali kupita kiasi. Chachu ya mtawa hutunzwa na kuchaguliwa. Katika Scourmont Padre Théodore aliitenga chachu ya abasia yake mwaka 1948. Chachu ya Singida hutoka katika kimea chenyewe na katika vyungu vilivyozoea kazi.

Ugumu wa kuihifadhi pombe ndio uliozaa desturi yake. Kinywaji kisichoweza kuwekwa hakiwezi kulimbikizwa. Hakina budi kunywewa na watu wengi kwa pamoja, siku yake ikifika. Kwa hiyo pombe ilifaa sana kwa kazi za pamoja. Mwenye shamba aliwaita jirani kulima, kuvuna au kujenga, naye akawapikia. Mwanaelimu wa jamii Harold Schneider, Mmarekani aliyekaa kwa Wanyaturu mnamo miaka ya 1959 na 1960, na aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alionyesha jinsi nafaka, mifugo na kazi za watu zilivyofungamana katika uchumi wao. Na pombe ilikuwa mojawapo ya njia za kuigeuza nafaka kuwa kazi. Kwa Waisanzu, pombe ilikuwa pia sehemu ya matambiko ya kuomba mvua, kama alivyoeleza Todd Sanders katika kitabu chake cha mwaka 2008. Hapo pombe ilitolewa kwanza kwa wazee waliotangulia, ndipo walio hai wakanywa.

Basi tukilinganisha, twaona ufanano ulio wazi. Kwa watawa na kwa wanakijiji, kinywaji kilikuwa na kipimo kilichowekwa na kitu kilicho nje yake: huko kanuni na sala, huku mavuno na kazi. Kwa wote wawili kilikuwa na fungu la mgeni. Na kwa wote wawili, tamaa ya faida ilijulikana kuwa adui wa desturi.

Historia ya maneno

Neno pombe ni la zamani katika pwani ya mashariki. Mreno João dos Santos, katika kitabu kilichochapwa Évora mwaka 1609, alilitaja kwa kinywaji cha nafaka cha watu wa pande za Sofala. Richard Burton, aliyevuka Mgunda Mkali mwaka 1857, yaani nyika ile ambayo leo imo katika Manyoni na Itigi, alieleza pombe kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1860. Inafaa kuangalia kwamba Burton, ambaye hakuwa mtu wa kuwahurumia Waafrika, aliilinganisha pombe na buza ya Misri na vinywaji vya namna hiyo vya mataifa mengine. Kwake pombe ilikuwa mwanachama wa ukoo mkubwa wa dunia.

Lugha nyingi za Kibantu zimehifadhi shina jingine la kale zaidi kwa kinywaji hiki: bwalwa kwa Wanyamwezi, ubwalwa kwa Wabemba, bojalwa kwa Watswana, utshwala kwa Wazulu. Kuenea kwake kwashuhudia kwamba ufundi wa nafaka iliyooteshwa ni wa zamani mno. Wagogo husema ujimbi. Kinywaji cha asali huitwa wanzuki, neno lililotoka kwa nzuki, yaani nyuki, na si ajabu kulisikia katika Singida, nchi yenye asali nyingi. Katika vilabu vya Singida husikika pia mtukuru. Hakuna jina katika haya linalobeba lawama ndani yake.

Maneno mengine yaliingia na wageni, na kila moja lilikuja na mlango wake. Mvinyo latoka kwa Wareno. Divai latoka kwa Kifaransa, likaletwa na mapadre. Ndiyo maana likawa neno la altare. Bia lilikuja na Wazungu wa karne ya 19 na ya 20, likakaa katika hoteli, vilabu vyao na chupa. Watafsiri wa Biblia walipohitaji neno kwa arusi ya Kana, walichukua divai. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, maana zabibu si mtama. Lakini matokeo yake ni kwamba divai iliingia mahali patakatifu, na pombe ikabaki katika mahubiri ya makatazo.

Katika Singida makatazo hayo yalikuwa na nguvu. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, walioifanya kazi ya Iramba na Singida tangu miaka ya 1920 baada ya Wajerumani wa Leipzig, walitoka katika uamsho wa Waswidi uliohimiza kujiepusha na vileo. Uislamu nao wakataza kabisa. Makatazo ya dini yana sababu zake, na mwenye kuyashika hastahili kulaumiwa na mwanaisimu. Lakini sheria za serikali hazikukataza, zilibagua. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliizuia biashara ya vileo vilivyokenekwa katika Afrika ya kati yote, kutoka digrii 20 kaskazini hadi 22 kusini. Baadaye sheria za kikoloni ziliweka vinywaji vya chupa upande mmoja, na pombe iliyoitwa ya wenyeji upande wa pili, kila upande na leseni zake na wanywaji wake. Kampuni ya bia ya Tanganyika ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, mpaka huo ulikuwa umekwisha chorwa.

Kamusi zikauandika mpaka huo kana kwamba ni maana ya neno. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 yaifasiri pombe kuwa bia ya wenyeji. Kwa tafsiri hiyo, kinachoitofautisha pombe si nafaka wala ufundi. Ni rangi ya mnywaji. Uhuru ulipokuja, lugha ya sheria haikubadilika sana. Sheria ya mwaka 1966 ilidhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo, kwa sababu za afya zinazoeleweka. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliendelea kutenga leseni za vileo vya kienyeji na vingine. Neno mwenyeji, ambalo katika Kiswahili chema humtaja mwenye mji anayepokea wageni, likageuka kuwa alama ya udhalili.

Ushahidi wa mwisho watoka kiwandani kwenyewe. Mwaka 2002 kampuni moja ya Uganda ilianza kuuza bia iitwayo Eagle Lager, iliyotengenezwa kwa mtama. Hakuna aliyeiita pombe ya kienyeji. Mtama ule ule, ukipita katika chupa, umekuwa bia. Kwa hiyo jina halifuati nafaka. Lafuata chombo na mwenye chombo.

Kinachopotea

Mtu aweza kuuliza: haya yana hasara gani? Neno ni neno, na mnywaji ajua anachokunywa. Tena ulevi ni msiba wa kweli katika nyumba nyingi, na anayeitetea pombe aonekana kuutetea msiba huo. Najibu kwamba dharau ya jina haikupunguza ulevi hata kidogo. Kilichopungua ni desturi zilizokuwa zikiuzuia. Pombe iliponyimwa heshima ya kazi za pamoja na ya tambiko, haikutoweka. Ilihamia kilabuni, ikawa bidhaa tupu, inayopikwa kila siku kwa faida, bila kungoja mavuno wala mgeni. Westvleteren wasingeshangaa. Wao walilinda jina ili kulinda kipimo. Sisi tuliliachia jina lichafuke, na kipimo kikaenda nalo.

Hasara ya pili ni ya lugha. Yule bibi wa Iramba alinitajia jina la kila hatua ya kazi yake kwa Kinyiramba: jina la kimea kibichi na la kimea kikavu, la povu la kwanza na la povu la pili, la pombe isiyoiva na la pombe iliyopita siku yake. Mjukuu wake, msichana aliyemaliza shule, alikuwa akisikiliza pamoja nami. Baada ya bibi kumaliza, alimwuliza, "Bibi, kumbe yote hayo yana majina?" Majina hayo sitayaandika hapa kabla ya kuyahakikisha kwa wasemaji wengine na kuziweka sawa toni zake. Lakini swali la msichana yule latosha kuonyesha hali ilivyo. Kinyiramba, Kirimi cha Wanyaturu na Kiisanzu vingali vinasemwa, tena Kirimi kilipata mtafiti mzuri, Mlutheri Howard Olson, aliyekamilisha uchambuzi wa sauti na maumbo yake mwaka 1964. Hata hivyo lugha yaweza kuishi na ufundi ukafa ndani yake, na ufundi ukifa, maneno yake hayapati mtu wa kuyasema.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wanafunzi wa Kiswahili na lugha jirani zake. Kwanza, kamusi zetu zijazo zifasiri pombe kwa nafaka na kwa ufundi wake, na ziache kuifasiri kwa jamii ya wanywaji. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikuwa hatua kubwa ya kukieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Kazi hiyo haijakamilika maadamu maana za kikoloni zimebaki ndani ya maneno. Pili, msamiati wa upishi wa pombe ukusanywe Singida na mikoa jirani, wilaya kwa wilaya, kutoka kwa wanawake wanaoujua, pamoja na desturi zilizofungwa na kila neno; na jina la kila mtoa habari anayekubali lihifadhiwe pamoja na maneno yake, kama mafundi wa nchi nyingine wanavyohifadhiwa. Tatu, wanaotunga istilahi za vyakula na vinywaji waanzie katika msamiati huo kabla ya kukopa. Kimea, chachu, togwa na machicha ni maneno kamili ya kitaalamu. Hayakosi kitu ila kutumiwa.

Watawa wa Westvleteren wako wachache, na bia yao ni adimu kwa sababu wameamua iwe hivyo. Pombe ya Singida yenye kimea kilichongojewa, chungu kilichozoea kazi, na jirani walioitwa kuvuna, nayo imekuwa adimu, lakini hakuna aliyeamua. Kazi ya kuyaandika maneno yake yahitaji daftari, subira, na mtafiti asiyeona aibu kuketi jikoni. Wanaoyajua bado wapo, na wengi wao ni wazee.